Kujifunza Lugha kwa Tamthilia Zenye Manukuu ya Lugha Mbili: Mwongozo kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Manukuu ya lugha mbili ni maandishi yanayopita chini ya picha kwa mistari miwili: wa juu unaandika maneno yanayotamkwa katika lugha unayojifunza, na wa chini unatoa maana yake katika lugha unayoielewa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam asiye na nafasi wala ada ya kuhudhuria darasa kila jioni, ambaye akitoka kazini Posta au dukani Kariakoo hufika Mbagala ama Kimara giza limeshaingia, njia hii inamletea nyumbani wasemaji wa kweli wa lugha anayoitaka. Lakini ina mtego, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuukwepa. Mstari wa chini ni rahisi mno kusoma, na asiyejua kuuzuia atamaliza misimu mitatu ya tamthilia akiwa anakijua kisa chote na lugha haijui.

Jiji hili linaufahamu mtego huo siku nyingi. Katika vibanda umiza, filamu za kigeni zimeoneshwa kwa miaka mingi zikiwa na sauti ya mtafsiri iliyowekwa juu ya sauti za waigizaji, na Lufufu alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo. Ni sanaa yenye heshima yake. Mtazamaji alitoka kibandani akiwa amefurahi na amekielewa kisa, ila hakutoka na Kihindi wala Kichina, kwa sababu hilo halikuwa kusudio la mtu yeyote pale.

Watafiti nao wamelishughulikia jambo hili. Géry d'Ydewalle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walifuatilia mwendo wa macho ya watazamaji na kuonesha kwamba mtu husoma manukuu yaliyo mbele yake bila hata kukusudia. Mwaka 2009, Holger Mitterer na James McQueen walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa Waholanzi waliotazama vipindi vya Kiingereza chenye lafudhi ngumu za Australia na Uskoti. Walipopimwa baadaye kwa sentensi mpya za lafudhi hizo, waliokuwa wamesoma manukuu ya Kiingereza walisikia vizuri zaidi, ilhali manukuu ya Kiholanzi, lugha yao wenyewe, yaliwarudisha nyuma. Kwa hiyo mstari wa kukaa nao muda wote ni ule wa lugha ya kigeni, na mstari wa lugha yako uitwe pale unapohitajika, kisha uondoke.

Kuchagua kipindi

Wengi huanza kwa kutafuta programu nzuri, ilhali makosa makubwa hufanyika katika kuchagua kipindi. Tafuta kilichotengenezwa tangu mwanzo katika lugha unayojifunza. Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili ni burudani ya haki kabisa, lakini hazina Kituruki cha kusikia. Vilevile, tamthilia ya Kikorea uliyoibadilisha sauti ikawa ya Kifaransa haitakufaa sana. Aliyeandika maneno ya kutamkwa alilazimika kuyapatanisha na midomo inayoonekana, na aliyeandika manukuu alilazimika kuyafupisha ili yasomeke, kwa hiyo unasikia sentensi moja na kusoma nyingine. Mwanafunzi asiyelijua hilo hudhani sikio lake ndilo lenye kasoro, akakata tamaa bure. Ukiona katika orodha ya manukuu yale yaliyoandaliwa kwa ajili ya viziwi, ambayo mara nyingi huwekewa alama ya CC, chagua hayo, maana aghalabu hufuata maneno yaliyotamkwa kwa ukaribu zaidi.

Baada ya hapo, angalia watu wa kipindi hicho wanazungumza nini. Tamthilia ya familia, ya majirani au ya ofisini ina salamu, ugomvi, maombi, visingizio na bei za vitu, yaani lugha ambayo utaihitaji kesho. Ya kihistoria, ya mahakamani au ya madaktari ina maneno mazito ambayo hutayatumia mwaka mzima. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayejifunza Kifaransa kwa sababu wateja wake wanatoka Lubumbashi au Bujumbura azingatie jambo moja zaidi: vipindi vya Ufaransa vitamzoesha lafudhi ya Paris na hesabu ya Paris. Sabini huko ni «soixante-dix» na tisini ni «quatre-vingt-dix», lakini mteja wake kutoka Kongo au Burundi atamwambia «septante» na «nonante». Katika kutaja bei, tofauti hiyo si ndogo, kwa hiyo achanganye vipindi vya Ufaransa na mahojiano au vichekesho vya Wakongo wenyewe, ambavyo vimejaa YouTube.

Kupima kiwango ni rahisi. Tazama dakika tano ukiwa na manukuu ya lugha ya kigeni peke yake. Ukishindwa kufuata hata mtu gani anataka nini, kipindi hicho bado. Kiweke akiba na utafute chepesi zaidi. Anayeanza kabisa asikimbilie tamthilia. Wa Kijerumani aanze na «Nicos Weg», mfululizo wa bure wa Deutsche Welle uliotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa ngazi za mwanzo, na wa Kifaransa aanze na video za mafunzo za TV5MONDE, ambazo pia ni za bure na huja na mazoezi yake.

Lugha ya mstari wa chini

Msomaji wa Kiswahili hapa ana tatizo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwingine hailitaji: vipindi vyenye manukuu ya Kiswahili yaliyoandaliwa na binadamu ni vichache. Basi linabaki chaguo kati ya Kiingereza kilichoandikwa na mtaalamu na Kiswahili kilichotolewa na mashine. Ushauri wangu ni kwamba, kama unasoma Kiingereza bila kusimama kufikiri, tumia Kiingereza. Kama kila sentensi ya Kiingereza nayo ni kazi, chukua Kiswahili cha mashine, kwa sababu lugha ya msaada ikishakuwa somo lingine haikusaidii tena.

Jua tu mahali ambapo mashine hupotea. Manukuu hukatwa kulingana na muda, na sentensi moja inaweza kuanzia kwenye nukuu hii na kuishia kwenye inayofuata. Mashine ikitafsiri kila kipande peke yake, hutoa vipande viwili visivyoshikana, na mara nyingine ukanushi hubaki upande mmoja huku kitenzi kikiwa upande wa pili. Misemo na mizaha hutafsiriwa neno kwa neno. Mstari wa Kiswahili ukikupa jambo lisiloingia akilini, soma nukuu mbili kwa pamoja kabla ya kuihukumu lugha ya kigeni kuwa ngumu.

Vifaa, na suala la bando

Mwenye kompyuta ana njia iliyonyooka. Kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) kiitwacho Language Reactor huwekwa kwenye kivinjari cha Chrome, nacho hufanya kazi na Netflix pamoja na YouTube; toleo lake la bure linatosha kwa kazi hii yote. Kinaonesha mistari miwili, kinakupa maana ya neno ukiliwekea kishale, na kwa Kichina kinaweza kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini. Herufi A kwenye kibodi hukurudisha kwenye nukuu iliyopita, S hurudia uliyopo na D hukupeleka kwenye inayofuata. Ingia kwenye mipangilio yake uufiche mstari wa tafsiri hadi utakapoutaka mwenyewe. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla macho hayajazoea vibaya.

Mwenye simu peke yake, na hao ndio wengi, hana kiendelezi hicho lakini hajakosa njia. Mradi wa Easy Languages una chaneli za YouTube kama Easy French, Easy German na Easy Turkish, ambamo watu huhojiwa mitaani na mistari miwili imeshaandikwa ndani ya video yenyewe, lugha ya kigeni juu na Kiingereza chini. Kwa Kichina, chaneli ya Mandarin Corner huweka herufi za Kichina, matamshi yake na Kiingereza. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya manila, uuweke juu ya sehemu ya chini ya kioo cha simu hadi uufunike mstari wa Kiingereza, na uuinue pale tu ulipokwama. Kwa tamthilia za kawaida kwenye simu, manukuu hupishana badala ya kupangana: tazama kipande kwa manukuu ya kigeni, kisha badili uweke ya lugha ya msaada na ukirudie. Ni kazi kidogo zaidi kwa kidole, ila kuna faida ndani yake, kwa kuwa huwezi kuchungulia.

Kuhusu bando, Netflix yenyewe inakadiria matumizi ya hadi GB 0.3 kwa saa katika ubora wa chini, hadi GB 0.7 katika ubora wa kati na hadi GB 3 kwa picha angavu. Chagua ubora wa chini. Manukuu yanayowashwa na kuzimwa huandikwa juu ya picha na kifaa chako, kwa hiyo hubaki makali hata picha ikififia. Yale yaliyochapwa ndani ya video ya YouTube ndiyo huhitaji walau ubora wa 360. Isitoshe, anayejifunza kwa njia ninayoieleza hapa chini husimamisha video muda mwingi kuliko anavyoitazama, na bando lake huenda mbali kuliko la mtazamaji wa kawaida.

Kazi yenyewe: dakika mbili, wala si kipindi kizima

Netflix huwaelekeza waandaaji wa manukuu wasizidishe mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi 42 kwa mstari katika lugha nyingi za herufi za Kilatini, na nukuu isikae kwenye kioo zaidi ya sekunde saba. Ukiweka lugha mbili, hiyo ni mistari hadi minne kwa sekunde zisizozidi saba, na mara nyingi ni mbili au tatu tu. Hakuna jicho linaloweza kusoma yote hayo, kutazama nyuso za wahusika na bado kuliachia sikio nafasi. Jicho litachagua jepesi. Ndiyo maana kutazama kipindi kizima cha dakika arobaini na mistari yote miwili ikiwa wazi ni mapumziko, nayo mapumziko hayana ubaya, ila yasiitwe masomo.

Chagua tukio moja la dakika mbili, lenye mazungumzo ya watu wawili au watatu, na ulipitie hivi. Mara ya kwanza, zima manukuu yote usikilize. Usisimamishe. Lipe sikio nafasi ya kushika kile linachoweza, hata kama ni majina na hasira tu. Mara ya pili, washa mstari wa lugha ya kigeni peke yake na usimamishe mwisho wa kila nukuu. Isome kwa sauti, kisha jaribu kusema maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe kabla ya kuangalia popote. Mara ya tatu ndipo mstari wa chini unapoitwa, tena kwa zile nukuu tu ulizoshindwa au unazozitilia shaka. Mara ya nne, rudi kwenye mstari wa kigeni peke yake kwa mwendo wa kawaida bila kusimama, na mara ya tano uzime tena kila kitu.

Nitaeleza kwa mfano mmoja kwa nini mpangilio huu ni muhimu. Kijana katika tamthilia ya Kifaransa anaulizwa dada yake yuko wapi, naye anajibu huku akitoka mlangoni. Mara ya kwanza unasikia kitu kama «shepa», basi. Mara ya pili mstari wa juu unakuandikia «Je ne sais pas», maneno manne ambayo pengine uliyakuta katika somo la kwanza kabisa la Kifaransa, na bado hukuyasikia. Hukuyasikia kwa sababu Mfaransa katika maongezi ya kawaida huliacha lile «ne», na «je» na «sais» akazibana pamoja hadi zikawa sauti moja inayoanza na «sh». Mstari wa chini ungekuambia «Sijui», ungeridhika na kuendelea, na kesho mteja akikujibu vivyo hivyo ungemwomba arudie. Lililokufundisha ni mstari wa juu kukutana na sauti. Rudisha nyuma mara tatu au nne, punguza mwendo hadi 0.75 ukihitaji, sikiliza namna maneno yalivyobanwa, kisha urudishe mwendo wa kawaida na usikilize tena. Usiliache tukio likiwa bado kwenye mwendo wa pole, kwa maana hakuna mtu atakayekuongelesha hivyo.

Wa Kichina ana mstari wa ziada, ule wa matamshi, nao ni mtego wa pili. Tamthilia nyingi za China huja na herufi za Kichina zilizochapwa ndani ya picha, hivyo msaada wa herufi haukosekani. Fundisha jicho lianze kwenye herufi, lishukie kwenye matamshi linapokwama, na liishie kwenye tafsiri kama njia ya mwisho.

Tukio la dakika mbili likifanyiwa kazi hivi huchukua karibu nusu saa. Nusu saa hiyo kila jioni, kabla ya kukaa na familia kutazama taarifa ya habari au mpira, inatosha kabisa kwa mtu mwenye kazi.

Maneno ya kuhifadhi

Usiandike kila neno jipya. Chukua matano kwa tukio, na uchague yale uliyoyasikia zaidi ya mara moja au ambayo bila hayo tukio halieleweki. Andika sentensi nzima jinsi ilivyotamkwa, nani alimwambia nani, na maana yake, kwa kuwa neno lililotengwa na msemaji wake husahaulika upesi na hutumiwa mahali pasipolifaa. Daftari linatosha. Anayetaka programu atumie Anki, ambayo ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android, na ambayo hukurudishia kila kadi baada ya muda unaorefuka kadiri unavyoikumbuka. Kadi mpya tano kwa siku ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Anayeongeza ishirini kwa siku kwa shauku ya wiki ya kwanza hukuta rundo la marudio asiloweza kulimaliza mwezi wa pili, naye huacha vyote.

Kusema na kusikiliza njiani

Baada ya mara ya tano, chagua nukuu sita au saba za mhusika mmoja uzitamke pamoja naye, ukifuata kupanda na kushuka kwa sauti yake, mahali anapovuta pumzi na mahali anapokimbiza maneno. Katika nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba watu huona haya kufanya hivi, lakini haya hiyo ni ya siku chache. Sauti ya kiwango cha maongezi ya kawaida haimkeri jirani.

Kisha rekodi sauti ya tukio hilo kwenye simu yako na uisikilize siku inayofuata ukiwa safarini. Ndani ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni asubuhi hakuna nafasi ya kushika simu mkononi na kusimamisha video, wala si busara kuishika hivyo katika msongamano ule. Simu ikae mfukoni, hedifoni sikio moja tu ili usikie kinachoendelea karibu nawe, na tukio lijirudie. Kwa kuwa ulishalifanyia kazi jana, picha zitakurudia zenyewe bila kioo.

Kuupunguza mstari wa chini

Weka utaratibu wa vipindi, usisubiri siku utakayojisikia uko tayari, kwani siku hiyo huchelewa. Katika vipindi vitatu vya kwanza vya tamthilia, ruhusu mstari wa chini kwa kila nukuu uliyokwama. Kuanzia cha nne, jiruhusu kuufunua mara kumi tu kwa tukio, na kuanzia cha saba, mara tatu. Wahusika ni walewale, sauti zao umeshazizoea, na kila mmoja ana misemo yake anayoirudia, hivyo tamthilia moja ndefu humfaa mwanafunzi kuliko filamu kumi tofauti. Ukianza tamthilia mpya, rudi hatua moja nyuma bila kuona vibaya: sauti ni ngeni na mada ni ngeni.

Mstari wa kigeni nao una zamu yake ya kuondoka, ila polepole zaidi. Ukiweza kupitia tukio jipya mara ya kwanza bila maandishi yoyote na ukaeleza kwa Kiswahili nani kamwambia nini na kwa nini, zima manukuu kwa robo ya kwanza ya kila kipindi, na uongeze muda huo kadiri unavyoweza.

Ambapo njia hii haifiki

Manukuu yanajenga sikio na usomaji. Hayatakufundisha kuandika barua wala kujibu papo kwa papo mtu anayekungoja. Jambo hili huonekana wazi katika mtihani wa Kifaransa wa DELF: una stadi nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja ikiwa na alama 25. Ili ufaulu unahitaji alama 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 katika stadi yoyote, umeanguka hata kama nyingine umezipata zote. Mtazamaji hodari anaweza kuangushwa na kuandika peke yake. Kwa sababu hiyo, anayelenga cheti aunganishe njia hii na mwalimu, hata kama ni kwa kozi moja tu kwa mwaka. Dar es Salaam ina Alliance Française kwa Kifaransa, Goethe-Institut kwa Kijerumani, na Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa Kichina. Asiye na ada aandike kila jioni sentensi tano za kusimulia tukio alilolitazama, bila kuangalia manukuu, kisha alifungue tukio hilo na kujisahihisha kwa maneno ya wahusika wenyewe.